Klabu dada na ubao wa bao

Shikamoo Mzee. Klabu yetu ya bao hapa Magomeni, Dar es Salaam, ina klabu dada Hamburg, Ujerumani, lakini tunaandikiana salamu za sikukuu tu. Tufanyeje?

Marahaba, mwanangu. Miji yetu ni dada tangu 2010, nanyi mna mchezo; chezeni! Kila jioni tumeni picha ya ubao, hatua moja tu. Waanzisheni na kunamua, yaani awamu ya kwanza ya kuingiza kete za mkononi ubaoni: kila mmoja kete 10 ubaoni, sita zikiwa kwenye nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji, na 22 mkononi. Msiwaharakishe, mtaji, yaani awamu ya pili kete za mkononi zikiisha, watauzoea. Mimi nilicheza hivyo na rafiki wa huko. Hakuwa na komwe, zile mbegu za kuchezea, akatumia maharage. Siku alipokula nyumba yangu, alinipigia simu usiku kunipa pole, tukaongea hadi vocha ikaisha.