Oman na watoto mwezi Desemba: msikwame Muscat, nendeni Nizwa

Mkuu, umeuliza kama Oman inafaa kwa likizo ya Desemba ukiwa na watoto, na kama kuna cha kula zaidi ya wali na kuku. Inafaa sana, na Desemba ndiyo wakati wake. Ukienda Juni joto linapita nyuzi 40 na watoto watashinda ndani kwenye kiyoyozi.

Nina shangazi anaishi Seeb, karibu na Muscat, kwa hiyo huko tumekwenda na familia zaidi ya mara moja. Muscat, mji mkuu, ipeni siku mbili: Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos asubuhi, soko la Mutrah jioni. Kisha kodini gari mwende Nizwa, kama saa mbili kwa barabara nzuri. Fikeni Alhamisi, mlale, ili Ijumaa alfajiri muwe kwenye mnada wa mifugo. Wauzaji wanazunguka na mbuzi kwenye duara, wanunuzi wamejipanga pande zote mbili. Anayevutiwa anamsimamisha mbuzi, anampapasa mgongo, anamfunua mdomo atazame meno, bei inatajwa, wanakubaliana au mbuzi anaendelea na mzunguko. Wanangu waligoma kuondoka. Msichelewe, jua likipanda tu watu wanatawanyika. Ngome ya karne ya 17 iko hapo hapo, na kwenye ngazi za mnara kuna matundu ya kumwagia maadui asali ya tende iliyochemka. Watoto watalisimulia hilo mwaka mzima.

Kwa chakula, tafuteni shuwa. Nyama ya mbuzi au kondoo inapakwa bizari, kitunguu saumu, iliki, karafuu na siki, inafungwa kwenye majani ya migomba, inatiwa kwenye vifuko vya makuti na kufukiwa kwenye shimo la makaa, siku moja hadi mbili. Vijijini shimo huwa la mtaa mzima, kila nyumba inatia alama kifuko chake. Sikukuu moja tuliyokuwa huko, kifuko kilipofunguliwa nyama ilikuwa inaachia mfupa yenyewe. Tukakaa chini, sinia moja, wali katikati. Hicho ni chakula cha Idi, lakini mikahawa ya Kiomani huwa nayo mwaka mzima. Kaeni upande wa mikeka, msikubali meza. Mishkaki ya barabarani jioni nayo msiiache, na halua ombeni kuonja kabla ya kununua.

Mkialikwa nyumbani, nanyi mtaalikwa, mtapewa tende kwanza, halafu kahawa chungu ya iliki kwenye kikombe kidogo. Pokeeni kwa mkono wa kulia. Usipotikisa kikombe unaporudisha, utaongezewa tena na tena. Na msishangae kusikia Kiswahili: familia nyingi ziliishi Unguja, Pemba na bara, na wengi walirudi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Mama mmoja dukani Mutrah aliwasikia wanangu wakigombana akawaamua kwa Kiswahili cha Unguja, kisha akatuuliza bei ya karafuu siku hizi.

Kuhusu kuogelea, nendeni kwenye wadi, yaani mabonde ya mito: watoto wadogo wapelekeni Wadi Bani Khalid, maji yako karibu na maegesho. Wadi Shab ina mwendo mrefu wa miguu juu ya mawe, subirini wakue. Vaeni nguo za heshima hata majini, na mvua ikitabiriwa milimani msishuke bondeni kabisa, hata kama mlipo ni jua kali, maana mafuriko yanatoka mbali na yanafika ghafla.