Unaanza kutengeneza parodi? Soma hii kabla hujaposti

Wadogo zangu mnaoanza kugeuza nyimbo za watu ziwe vichekesho, nina miaka sita kwenye hii kazi na kosa lililoniuma zaidi nlilifanya mwanzoni kabisa. Nlichukua biti ya wimbo mkubwa wa Marekani nikaimbia maneno yangu kuhusu makonda wa daladala, watu wakacheka sana, siku ya tatu klipu imeshushwa na chaneli imekula straiki, yaani onyo la hakimiliki. Mi nikawa nang'ang'ana kwamba parodi inaruhusiwa, kumbe hata neno lenyewe sikuwa nalielewa.

Iko hivi. Kundi la rap la Marekani, 2 Live Crew, waliomba ruhusa ya kuigeuza Oh, Pretty Woman ya Roy Orbison, wakanyimwa, wakaitoa hivohivo, wakashtakiwa, na mwaka 1994 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakasema parodi inaweza kuwa matumizi ya haki, yaani kutumia kazi ya mtu bila ruhusa bila kuvunja sheria, hata kama inauzwa. Inaweza, sio lazima iwe. Sababu ndo ya kushika hapo: walikuwa wanaucheka wimbo wenyewe, zile ndoto zake za mapenzi. Sasa linganisha na The Cat NOT in the Hat!, kitabu kilichosimulia kesi ya mauaji ya O.J. Simpson, staa wa mpira wa Marekani, kwa mtindo wa Dr. Seuss, mwandishi wa vitabu vya watoto, 1997 mahakama ya rufaa ikakizuia kwasababu hakikuwa kinamcheka Dr. Seuss, kilimuazima tu. Mimi na makonda wangu tulikuwa upande huohuo wa kuazima tu.

Kwahiyo kabla hujaandika mstari wa kwanza jiulize anayechekwa ni nani. Na hayo mambo ya eti sekunde saba haina shida, au kuandika chini "wimbo sio wangu", achaneni nayo kabisa, hayamo kwenye sheria. Nyie wa hadithi za mashabiki, mnaoandika hadithi kwa wahusika wa watu wengine, kutouza kunasaidia ila peke yake hakutoshi.

Ukishushiwa klipu usijaze fomu ya kupinga kwa hasira. Kwa sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1998 pale unaapa, na unakubali kushtakiwa kwenye mahakama ya Marekani hata kama unakaa Mbagala. Ukiwa na hoja ya kweli jaza, mwenye wimbo asipofungua kesi klipu inatakiwa irudi ndani ya siku 10 hadi 14 za kazi. Mi ya makonda sikuipinga, nliirekodi upya kwa biti ya mshkaji wangu wa mtaani.