Darasa la Okestra: Nasikia Mvumo Mtupu, Je, Niache?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina umri wa miaka 52 na nimejiandikisha katika darasa la jioni la watu wazima linalofundisha kusikiliza muziki wa okestra. Tumekwisha kukutana mara nne. Wenzangu husema wamesikia mahadhi ya mwanzo yakirudi, au horni, zile ala za shaba zilizozungushwa kama duara, zikiwajibu wapiga fidla, ilhali mimi nasikia mvumo mmoja mkubwa unaopanda na kushuka, na ikifika dakika ya kumi mawazo yangu yamekwisha kuhamia kwenye shughuli za kesho. Sijui kusoma noti wala sijawahi kupiga ala yoyote. Je, nimechelewa?

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usiache. Ulichokieleza si upungufu wa sikio. Ni kumbukumbu ambayo bado haijapewa kitu cha kushika. Sehemu kubwa ya muziki huu imejengwa kwa kurudia: mtunzi hutoa mahadhi, huyageuza, huyaficha ndani ya sauti nyingine, kisha huyarudisha, na raha ya msikilizaji huzaliwa pale anapoyatambua. Asiyeyashika yalipopita mara ya kwanza hawezi kuyatambua yanaporudi, kama vile mtu aliyeingia katikati ya hadithi asivyoweza kushtuka mhusika aliyepotea anapobisha hodi.

Kwa hiyo, kwa wiki mbili hizi, usijaribu kusikia kila kitu. Chukua Boléro, kazi ya okestra ya mtunzi Mfaransa Maurice Ravel, iliyopigwa kwa mara ya kwanza jijini Paris mwaka 1928. Huchukua takriban dakika 15, na karibu yote imesimama juu ya mahadhi mawili na mdundo mmoja wa ngoma ndogo usiobadilika. Ngoma hiyo huanza kwa sauti ya chini mno, hata unaweza kudhani kwamba muziki haujaanza. Juu yake filimbi huimba mahadhi ya kwanza peke yake, klarineti, ala ya mbao ya kupuliza, huyapokea vilevile, kisha basuni, ile ala ndefu ya mbao tuliyozoea kuisikia ikinguruma chini, huingia na mahadhi ya pili ikianzia juu kabisa, kama mtu anayeimba huku amejikaza koo. Kwa kuwa wimbo haubadiliki, sikio hubakiwa na kazi moja tu, nayo ni kutambua nani anayeimba sasa. Weka karatasi mbele yako na uandike kila unapohisi kwamba mwimbaji amebadilika. Kama hujui jina la ala, andika “ya puani” au “ya shaba”, inatosha. Nilipokuwa mwanafunzi wa darasa kama lako, niliandika mabadiliko matano siku ya kwanza na kumi na moja siku ya tatu, na katikati hapo hakuna aliyenifundisha lolote.

Noti si lazima kwa msikilizaji. Kilicho muhimu zaidi ni kumwomba mwalimu wako apige kipande kifupi kilekile mara tatu kabla ya kusonga mbele, na usione haya kuomba, kwani naamini wapo wenzako wanaolitamani jambo hilo na wamenyamaza.

Baada ya hapo nenda kwenye Simfonia ya Tano ya mtunzi Ludwig van Beethoven, kazi ndefu ya okestra yenye sehemu nne. Wala usijilaumu mawazo yakitangatanga: walioisikia kwa mara ya kwanza mjini Vienna, tarehe 22 Desemba 1808, walikaa katika baridi kwa takriban saa nne, maana onyesho hilo lilikuwa na kazi nyingine nyingi. Kabla ya kuanza, gonga mezani kwa kidole noti zake nne za mwanzo, tatu fupi na moja ndefu, hadi mkono uzizoee. Katika sehemu ya kwanza utazikuta kila upande. Katika sehemu ya tatu horni zitaupaza tena mdundo uleule wa tatu fupi na moja ndefu, kwa mahadhi mengine, na hapo ndipo kidole chako kitakapoutambua kabla ya akili.

Mwishoni mwa sehemu hiyo ya tatu sauti hupungua, ala za nyuzi zikashikilia noti moja ndefu huku ngoma za timpani zikigonga taratibu chini yake, na bila kituo chochote sehemu ya nne hufumuka. Ukibahatika kuiona ikipigwa ukumbini, watazame wapiga tromboni watatu, wenye zile ala za shaba za mrija unaovutwa mbele na nyuma. Watakuwa wamekaa kimya kwa zaidi ya dakika 20, kwa sababu Beethoven hakuwapa hata noti moja katika sehemu tatu za mwanzo. Na utakapowaona wakiinua ala zao kuelekea midomoni, timpani zikiwa bado zinanong’ona, utajua kinachokuja kabla hakijasikika.