Mradi wa uhariri wa RNA bila maabara ya vimelea

Mdogo wangu, umeuliza kama unaweza kufanya mradi wa mwaka wa mwisho kuhusu uhariri wa RNA, yaani jinsi tripanosoma, vimelea vya malale, wanavyobadilisha herufi za nakala ya jeni (RNA) kabla ya kuitumia, wakati chuo chenu hapo Mbeya hakina maabara ya kukuza vimelea. Unaweza, na mada ni yetu kabisa: mbung'o wanaoeneza vimelea hivi wapo mapori ya Ruaha.

Anza na kompyuta. Jenomu ya Trypanosoma brucei ilichapishwa mwaka 2005 na inapatikana bure. Chukua jeni ya COX3, mojawapo ya jeni za mitokondria (sehemu ya seli inayozalisha nishati), na RNA yake iliyokwisha kuhaririwa. Ukizilinganisha hivyo hivyo hutaona undugu, kwani kimelea huingiza uridini (herufi U ya RNA) 547 na kuondoa 41. Zaidi ya nusu ya ujumbe haumo kwenye jeni! Sasa futa T zote kwenye DNA na U zote kwenye RNA, ulinganishe tena. Herufi zilizobaki zitafuatana. Hapo utaelewa uzito wa walichogundua Rob Benne na wenzake, Amsterdam, mwaka 1986: kwamba RNA huhaririwa.

Kisha tafuta RNA elekezi, yaani RNA fupi zinazoonyesha U ziingizwe au ziondolewe wapi, kwenye viduara vidogo vya kinetoplasti (DNA ya mitokondria ya vimelea hivi). Angalia sana hapa: G huungana na U pia, si na C tu, kwa hiyo programu ya kawaida ya kulinganisha itazikosa nyingi. Anzia mwisho wa 3' (ncha moja ya RNA), maana uhariri huelekea 5' (ncha ya pili).

Msimamizi aking'ang'ania vimelea hai, pendekeza Leishmania tarentolae wa mijusi. Nao huhariri RNA, na hawasababishi ugonjwa kwa binadamu. Wale wa malale waache.