Re: Tingatinga alikuwa anachora wanyama kwa mapenzi au biashara tu?

Mkuu umeuliza kama mzee Edward Saidi Tingatinga, yule mchoraji wa Tanzania, alikuwa mpenda mazingira kweli au alikuwa anatafuta hela za wazungu, mi naona vyote viwili na sioni ugomvi wowote hapo. Jamaa kazaliwa 1932 huko Tunduru, kakulia kijijini, baadae kaenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge ndo akaja Dar kufanya kazi za majumbani, kuchora kaanza kama 1968 hivi, na hela alikuwa anaihitaji kama mtu yeyote. Ila angalia kazi zake za mwanzo, chui mmoja au ndege mmoja kajaza ubao mzima, nyuma rangi moja tu basi, hakuna mlima wala kibanda cha makuti. Huyo mnyama kakodoa macho utadhani anakushangaa wewe. Hiyo mbwembwe ya twiga kumi na Kilimanjaro nyuma imekuja zaidi baada yake, watalii walipokuwa wengi.

Kuhusu rangi, ni rangi ya mafuta ile ya kung'aa ya kupakia baiskeli, kwenye hadibodi, yaani ubao mwembamba mgumu. Haikauki haraka, kwa hiyo unapaka ya nyuma kwanza unaiacha ikauke kabisa ndo unashusha mnyama, madoa ya chui yanakuja mwisho, ukiwa na papara yote yanachanganyika.

Alifariki 1972 kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu, miaka minne tu ya kuchora aisee. Ukiwa Dar pita Morogoro Stores pale Oysterbay uwaone wachoraji wa mtindo wake wanavyopaka.