Nakaribia kuvua jezi, nawezaje kuwa kocha wa chuo?

SWALI: Niko mwaka wa mwisho chuoni hapa Marekani, nacheza mpira wa kikapu nafasi ya pointi gadi, yule anayeongoza mashambulizi. Ligi ya kulipwa sitafika, ila ukocha wa chuo naupenda kweli. Naanzia wapi, na hadi kuwa kocha mkuu ni miaka mingapi?

JIBU: Anza ukiwa bado mchezaji. Mwombe kocha wako akukabidhi mpinzani mmoja ajaye umwandalie ripoti. Tazama mechi zake nne au tano za mwisho, kata klipu zisizozidi 20, na maandishi yaishie kurasa mbili: kila mchezaji anapenda mkono upi, timu inazuiaje skrini ya mwenye mpira (mwenzake anaposimama kumzibia njia beki wake), inacheza nini ikirusha mpira kutoka chini ya kikapu. Hapa ndipo wengi huharibu. Wanajaza kila walichokiona, na wachezaji wakiingia uwanjani hawakumbuki hata kimoja.

Mlango uliozoeleka ni nafasi ya msaidizi anayesomea shahada ya pili. Chuo hukulipia ada, kwa kawaida miaka miwili, na posho ni ndogo. Utakata video usiku na kuwarudishia mipira wanaofanya mazoezi ya kutupa asubuhi. Nafasi hizi hujazwa zaidi baada ya msimu, kuanzia Machi, makocha wanapohama, na nyingi humalizwa kwa simu kabla hazijatangazwa. Kwa hiyo makocha watatu wanaokufahamu wana uzito kuliko barua 50 za maombi.

Kutoka hapo wengine hupitia kazi ya kuendesha shughuli za timu: mabasi, hoteli, ratiba, bajeti. Kazi hiyo ina heshima yake, lakini usikae muda mrefu, maana anayeajiri kocha msaidizi huuliza kwanza kama unaweza kusajili wachezaji. Julai 2023 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kiliruhusu timu za Divisheni ya Kwanza, ngazi yake ya juu, kuongeza makocha wawili wa kufundisha, kwa sharti kwamba hawatatoka nje ya chuo kusaka wachezaji. Vijana wengi wameingia kwa njia hiyo. Hata hivyo, sisi tungekushauri chuo kidogo cha Divisheni ya Pili au ya Tatu: makocha ni wachache, hivyo utasajili, utafundisha na utapanga mazoezi mwenyewe.

Kuhusu miaka, Jon Scheyer alitwaa ubingwa wa vyuo akiichezea timu ya Chuo Kikuu cha Duke mwaka 2010, akarudi huko kwenye benchi la makocha 2013, akawa kocha mkuu 2022. Dawn Staley alipewa timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Temple mwaka 2000 akiwa bado anacheza WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake, lakini njia hiyo ni ya nadra mno.

Jambo la mwisho, kwa kuwa ulikuwa gadi: ulichokifanya kwa mazoea utalazimika kukigawa vipande. Chukua pasi moja tu, andika mguu unaotangulia, macho yanatazama wapi na mpira unaachiwa lini, kisha mfundishe mchezaji wa mwaka wa kwanza kwa dakika nane.