Kijana uliyeniuliza kuhusu kazi ya betri

Juzi kijana mmoja wa Changamwe ameniandikia. Amepata kibarua cha kuvunja betri za magari, malipo kila jioni. Aende? Njaa naijua. Pesa kama hizo ndizo nilizomjengea mama yangu nyumba, na sioni haya kulisema hilo.

Lakini sikia. Miaka minne nilirudi nyumbani na ovaroli ile ile, imeganda vumbi la kijivu. Binti yangu, miaka miwili, akisikia mlango tu ananirukia shingoni. Mama yake aliifua ovaroli katika beseni alimomwogeshea mtoto. Hatukujua. Mtoto akaanza kushika tumbo, akapauka, na maneno aliyokwisha kuyasema yakapotea. Mara mbili tulipewa dawa ya minyoo. Daktari wa tatu ndiye aliyeniuliza, "Baba, unafanya kazi gani?" Damu ya mwanangu ilikutwa na risasi, ile metali yenye sumu iliyomo ndani ya betri, mikrogramu 38 kwa desilita. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe kuanzia 5, na hata chini ya hapo hakuna kiwango salama. Msimamizi wangu kazini akaniambia nimnyweshe maziwa, eti yatatosha. Neno hilo linanichoma hadi leo.

Risasi mwili huidhania kalsiamu, madini ya kujenga mifupa, huiweka mifupani, ikakaa humo miaka mingi. Mama mjamzito humpitishia aliye tumboni.

Basi oga huko huko kazini. Nguo na viatu uviache huko. Usile mandazi kwa mikono ya kazi. Usifagie pakavu, mwagia maji kwanza. Kitambaa puani hakikingi kitu. Nguo zisifike nyumbani, narudia, zisifike! Na udai kupimwa damu. Mwajiri akikataa, ondoka.

Hata asiyekanyaga kiwandani hayuko salama. Pale mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, moshi na vumbi la kiwanda cha kuyeyusha betri viliwafuata watu majumbani. Phyllis Omido, ambaye mwanawe mchanga alikutwa na risasi mwilini, akasimama kupigana. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaitengua 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka yote hiyo watoto wanakua! Wazazi wenzangu, msingoje mahakama, wapimeni watoto.

Binti yangu sasa ana miaka tisa. Kusoma kunamtesa, nakaa naye kila usiku, herufi moja moja.

Kijana, hukuniambia kama una mtoto. Niandikie.